Lastiki

Mimi ni fundi wa viuno.
Sketi za shule, bukta, magauni ya kulalia,
vyote hupita kwangu, baraza la duka la vifungo
pale Majengo, ambako vumbi la Julai
huingia hadi kwenye bobini.
Lastiki naijua kwa kidole gumba:
naivuta, naiachia, naisikiliza.
Nzima hurudi kwa hasira.
Iliyochoka hurudi kama mtu aliyeitwa
na hataki kuja.

Sikujua kwamba kifuani nami nimeshonewa.

Mafua yalianza Jumanne, nikayadharau.
Jumapili nilikuwa Jenerali, wodi ya wanaume,
mpira puani, na mtungi mrefu kuliko mimi
ukinong'ona pembeni kama mtu anayekudai kwa adabu.
Kitanda cha pili alilala Chilongani, mkulima wa zabibu wa Hombolo.
Asubuhi moja nikakuta shuka lake limekunjwa pembe nne.
Sikuuliza.

Miezi minne baadaye Daktari Nyemo
aliinua picha yangu dirishani,
nikauona mlima wa Mlimwa kupitia mbavu zangu.
"Pumzi kuingia," alisema, "ni kazi ya misuli.
Kutoka, ukiwa umetulia, hakuna anayesukuma.
Kuna nyuzi, nyembamba kuliko utando wa buibui,
zinavutika, kisha zinajirudi zenyewe.
Ulisukiwa tumboni mwa mama, na utotoni.
Ukubwani hazisukwi tena,
au labda moja moja, na ovyo."

"Na kirusi ndicho kilichozikata?"

"Kirusi kilianza.
Waliomaliza ni askari wa damu yako mwenyewe.
Walikuja na mikasi kumtafuta mwizi gizani.
Wakamkata mwizi, wakakata na nguo."

Mikasi naielewa.
Mkesha wa Idi mmoja, umeme umekatika,
nilikata upindo nikachukua na kwapa la gauni la mtu.
Nikatia kiraka. Kiraka kilishika vizuri sana.
Mwenye gauni hakuweza tena kuinua mkono.

"Ndiyo hivyo," akasema daktari. "Kovu hushika. Halivutiki."

Toka kituoni hadi barazani ni hatua mia tatu na arobaini.
Zamani sikuzihesabu.
Sasa nasimama mara mbili,
mara ya pili mbele ya muuza ubuyu;
anadhani nautamani, hunionjesha.
Na upepo wa mji huu hauishi:
unazungusha mifuko juu ya reli, unachapa mabati,
upepo wa kugawa kwa debe,
nami naupokea kwa kijiko.

Leo amekuja Mbeho, wa darasa la tatu,
ameshika sketi kwa ngumi isimwanguke.
Nafumua. Lastiki iliyokufa inatoka na unga wake,
imelegea kama tambi za jana.
Natia mpya, pini mbele, mpira nyuma,
vinatambaa gizani ndani ya upindo
mpaka ncha ichungulie upande wa pili.
Vidole vyangu havijasahau kitu.
Kwangu mwenyewe hakuna upindo wa kufumua.

Anavaa nyuma ya pazia, anaruka mara tatu.
Sketi haiendi popote.
"Shilingi ngapi, babu?"

Jibu ninalo. Nangoja pumzi ya kulibeba.
"Elfu," nasema.
Ameshanyoosha noti.
Bodaboda inapita, vumbi linapanda, linakaa huko juu, linatua.
"Na mia tano."