Tanbihi ya 212

Kamusi ya Kipali imefungwa kwa uzi wa gunia,
ghorofa ya nne, rafu inayopakana na choo.
Kwenye karatasi ya mihuri, mwazimaji wa mwisho
ni wa Machi, sabini na nne.
Sijui alifaulu. Aliacha penseli tu:
pambizoni mwa neno moja, dukkha,
aliandika "dhiki", akatia alama ya kuuliza,
akaenda zake.

Miaka miwili nimekaa na alama hiyo.

Dhiki ni ya kodi, ina jina la anayekudai.
Nikajaribu mateso: yanataka mtesaji.
Taabu huisha mtu akiitwa kazini.
Huzuni ina machozi mengi mno.
Karaha ilikaribia, kisha ikanuna.

Na watawa waliolibeba neno hili
kutoka bonde la Ganga hadi kisiwa cha Lanka,
wakalivusha theluji na jangwa,
wakalitia katika wino wa Wachina, katika mbao za Watibeti,
kila walikofika waliketi na swali langu:
wenyeji wa hapa, wakiumwa na kitu kisichoonekana,
husemaje?

Ndilo nililopaswa kuijibu kamati.
"Bi Nasambu," alisema mjumbe mmoja, biskuti mkononi,
"Asia ina wenyewe. Kwetu tumemaliza kusoma?"
Nikasema hatujamaliza.
Nikasema, waliokuja kutusoma sisi
hawakubisha hodi.
Wakacheka. Dakta Amutabi akanikanyaga mguu chini ya meza.
Jibu halikuwa hilo. Sikuwa nalo.

Mama hupiga simu kutoka Webuye
kuniulizia masomo kama mtu aulizavyo hali ya mgonjwa.
"Huyo Buda wako, alioa?"
Alioa, mama. Akawaacha mke na mtoto usiku, wamelala.
Simu ikanyamaza, nikadhani salio limekwisha.
"Basi huyo namjua," akasema.
Huku mjini, vijana wakisema buda
wanamaanisha baba.

Jumanne, saa kumi na mbili asubuhi, Marikiti.
Nimekumbatia kabichi, manyunyu yananipiga shingoni.
Mkokoteni wa viazi umekwama katikati ya njia,
lori linapiga honi, wanawake wa sukuma wiki wanatukana,
na mwenyewe, Kilonzi, amelala chali chini yake
akishindilia kipande cha kandambili
kwenye kitovu cha gurudumu.

"Mzigo mzito?" nikauliza, upumbavu wa msomi.
"Mzigo nimeuzoea, dada.
Ni hili tundu. Limepanuka, ekseli inacheza.
Hata ukiwa mtupu, hata kwenye mteremko,
kila mzunguko unakuuma kidogo. Mpaka kwenye meno."

Kabichi ikaniponyoka.
Maana wapo wanazuoni wasemao, na wapo wanaowakanusha,
kwamba kabla ya kuingia vinywani mwa watawa
lile neno lilikuwa la wasukuma magari:
tundu baya,
gurudumu lisilokaa sawa kwenye mhimili wake.

Mnaitaje hali hii? nikamuuliza.
Akanitazama kama mtu anayepimwa kwa kura.
"Kwenda pogo. Unakwenda pogo, basi.
Nisaidie kuinua hapo."
Nikainua. Grisi ikaniingia kwenye kucha.

Nimeliandika katika sura ya tatu,
na chini, kwa herufi ndogo, tanbihi ya 212:
Kilonzi, mkokoteni, Marikiti.
Dakta Amutabi ameizungushia wino mwekundu:
Chanzo hakithibitiki. Ondoa.
Sijaondoa. Nina hadi Ijumaa.

Jana nilipanda tena ghorofa ya nne,
nikafungua uzi wa gunia,
na chini ya mwandiko wa yule wa sabini na nne
nikaandika "pogo", kwa penseli.
Kidole kikaacha doa jeusi.
Nikafikiri sana,
kisha nami nikatia alama ya kuuliza.