Uzi si Uleule

Usianze na rangi. Rangi ni mwongo.
Kijani hiki kilipendwa vita vilipokwisha,
kikapendwa tena mwaka nilioolewa,
na juzi nimekiona Halifax, dirishani,
kimevaliwa na sanamu isiyo na kichwa.

Anza na karatasi,
ule ukanda unaobana tumbo la donge.

Bwana Lumb alileta mfuko Jumanne,
mvua ikimsindikiza hadi mlangoni,
akautua juu ya kaunta
kama mtu anayerudisha kitu cha kuazima.
"Vya mama. Nyumba inauzwa.
Hivi vina umri gani?"
Wengi huuliza hivyo wakimaanisha bei.
Yeye hakuwa na maana hiyo.

Nikavaa miwani.

Aunsi moja, si gramu.
Bei, kwa penseli: shilingi moja na peni tatu.
Basi ni kabla ya Februari ya sabini na moja,
asubuhi tuliyoamka na hela mpya
na Thelma wa buchani akalia mbele ya wateja,
hajui kurudisha chenji.
Simu ya kiwanda, tarakimu nne,
ungeikariri kabla hujamaliza kuvuka daraja.
Sindano namba nane, hesabu ya zamani,
enzi namba ilivyonenepa sindano ikakonda.
Halafu nembo ya sufu tupu,
ambayo kabla ya sitini na nne haikuwapo.
Nikachoma unyuzi kwa kiberiti:
ukanuka nywele, ukazimika wenyewe.
Sufu kweli. Nailoni ingeyeyuka, ingedondoka.

"Kati ya sitini na nne na sabini na moja," nikasema,
nami nikajiona hodari,
nimeizungushia ua miaka saba
kama kondoo saba.

Chini ya madonge palikuwa na sweta.
Mgongo, kifua, mkono mmoja, nusu ya wa pili.
Sweta la mtoto wa miaka miwili,
la mtoto anayeanza kukimbia akiangukia mbele.

Kwenye ule mkono wa pili, juu kidogo ya kiwiko,
kijani kiliingia maji.
Si sana. Jicho la haraka lingepita.
Chungu kingine cha rangi, siku nyingine, mpishi mwingine.
Nikafuata uzi hadi kwenye donge lake,
donge la mwisho, lililojificha pembeni mwa mfuko:
gramu hamsini.
Na mgongoni mwa karatasi, ile mistari myeusi
ambayo mashine ya dukani huisoma na kulia.

Kati ya safu moja na safu inayofuata
pana miaka ishirini.

Nikatafuta fundo. Hapakuwa na fundo.
Ncha mbili zilitemewa mate,
zikasuguliwa kiganjani mpaka zikashikana,
kwa subira, kama mtu anayejua
kwamba fundo lingemwasha mtoto ngozi.

Kamba hukatikia pembamba, husemwa.
Huu ulikatikia mahali pazima, panene,
katikati ya safu.

"Mimi nilizaliwa hamsini na tisa," Bwana Lumb akasema,
hakuna aliyemuuliza.
"Sina ndugu. Wala sikupata mtoto."
Akapiga hesabu, nikamwona akipiga,
midomo ikitikisika kama ya mwanafunzi.
Sitini na nne alikuwa na miaka mitano.
Sweta hili lisingempita kichwani.

Kettle ilikuwa ikichemka nyuma ya pazia.
Sote wawili tuliisikiliza hadi ikajizima.

Aliingiza vidole viwili kwenye ule mkono mzima,
vikafika mwisho, vikachungulia.
"Uzi ni uleule," akasema,
kidole gumba kikipita pale kiwikoni, kikipita tena.
Nilikuwa na jibu. Ndiyo kazi yangu pale,
kuwa na jibu.
Nikasema sweta ambalo halijaisha hatuuzi.

Alilikunja ndani ya koti, upande mkavu.

Madonge yapo dirishani, peni hamsini kila moja.
Kwenye kadi, panapoandikwa mwaka,
nimeandika *sufu, kijani*,
na lile la gramu hamsini
nimelipeleka nyumbani kwangu.
Sijui la kulifanyia.