Hesabu ya Gereji

Kwenye gereji ya mzee Reino, Thunder Bay,
kati ya matairi ya baridi na beleshi la theluji,
ukuta wa mbao umejaa mistari ya penseli:
minne wima, wa tano ukiikata,
kama mfungwa ahesabuye siku,
ila huyu anahesabu mabao ya bintiye.

Shirikisho limeandika sitini na moja.
Ukuta unasema sitini na mbili.

Mimi ni mpangaji wake wa chini.
Kodi ikichelewa husema, "Wiki ijayo si mbali."
Bao moja likipungua, hasamehe.

La kwanza Kaija alilifunga kwa ugoko,
mvua ikinyesha San José,
mpira ukaingia kwa aibu, ukibingirika
kama sarafu iliyomponyoka mtu kanisani.
Mzee alikuwa zamu kwenye maghala ya nafaka;
alisikia redioni, vumbi la ngano kooni,
akataka kupiga kelele, akakohoa.

La tisa, kichwa. La kumi na mbili, kichwa tena,
na nyuzi tatu juu ya nyusi.
La ishirini, na moja, na mbili:
jioni moja tu, Halifax. Hapo penseli ilivunjika.

Kisha pengo. Upana wa kiganja, hakuna mstari:
goti la kushoto, miezi kumi na minne.
Mzee hakuandika kitu pale,
lakini ubao umesuguliwa hadi unang'aa,
mahali alipoegemeza mkono kila asubuhi
akivaa mabuti.

Lenye kesi ni la thelathini na tisa.
Krosi ya chini, Kaija kajirusha,
beki wa Denmark naye kaweka kisigino.
Usiku ule ubao wa matokeo ulitaja jina la Kaija;
asubuhi magazeti yakasema beki kajifunga.
Mzee aliandika barua tatu.
Akajibiwa moja, kwa adabu.
Nikamwambia: mzee, kwetu wanasema
mali bila daftari hupotea bila habari.
Alitaka nimfasirie mara mbili,
halafu akachonga penseli.

Novemba hii Kaija amestaafu.
Amekuja na begi moja, na barafu ya goti,
akasimama mbele ya ukuta akihesabu kwa midomo.
Kidole kikatua.
"Baba, hili si langu. Mpira sikuugusa.
Ulinipita hivi, upana wa unyasi."

Nje, greda la theluji likapita likiunguruma.
Mzee akatazama kidole, akatazama goti.
"Ulijirusha?"
"Nilijirusha."
"Basi."

Mstari upo.
Jana, nikibadilisha matairi,
nimeona pembeni yake duara dogo, hafifu,
na mkono uliolichora si wa mzee.
Sijauliza.
Huenda ni ile penalti ya Glasgow
iliyogonga mtambaa panya,
ambayo mezani hapa
hakuna anayeitaja.