Chupa ya Shangazi Margalida

Wametundika bendera kuanzia lango la mji hadi gatini,
msalaba mwekundu, kingo zimechongoka kama matawi yaliyopogolewa,
na meya kakodi meza mia moja, vitambaa vyeupe, viti vya kukunja.
Sherehe ya Urithi wetu wa Kihispania! Tikiti dola tisini.
Mvinyo umetoka Jerezi kwa meli.
Muonjaji katoka Miami kwa ndege;
pua yake, nasikia, imekatiwa bima.

Shangazi Margalida Triay hakununua tikiti.
Aliingilia mlango wa wapishi
na sufuria ya supu ya kome, ya moto,
kaifunga kwa taulo la ufukweni lenye picha ya kasa.
"Chakula changu," akamwambia kijana wa mlangoni,
"halafu nikilipie kiingilio?"
Nyuma yake mimi, sinia la maandazi ya jibini kichwani,
kila andazi limechanjwa msalaba,
nikiomba ardhi ya Florida inimeze.

Ndani ya supu hiyo mna pilipili datili.
Ni ya njano, ndogo, na haina haraka.
Inakaa kimya mdomoni, unahesabu moja, mbili,
kisha inakuita kwa majina yako yote matatu,
kama mama aliyekuta kikombe kimevunjika.

Shangazi anasema mbegu zake zilishonwa kwenye pindo za sketi
za wanawake wa Minorka, wale walioletwa kulima nili
kwa mkataba wasioweza kuusoma,
mbu wakawazika wengi,
na waliobaki wakatoka usiku, kwa miguu, wakaufuata ufuo hadi mji huu.
Mjomba Bartolo anasema uongo mtupu,
pilipili ilikuja kutoka Kuba ndani ya kreti la muuza duka.
Wamegombana miaka thelathini na moja.
Kila Pasaka wanaigombania upya,
na kila Pasaka sufuria inaisha.

Basi muonjaji akachota kijiko.
Moja. Mbili.
Paji la uso likamtoka jasho kama dirisha la dobi.
Akashika glasi ya sheri, haikumsaidia;
akashika ya pili, nyeupe, ya bei mbaya, nayo ikamsaliti.
Ndipo shangazi akafungua mkoba,
akatoa chupa iliyozibwa kwa gunzi la hindi,
akammiminia kwenye kikombe cha karatasi.

Akanywa. Akanyamaza.
Tukasikia barafu ikijipanga upya kwenye ndoo.
"Mzabibu huu ni wa wapi?"
"Wa kwenye ua, nyuma ya gereji ya matairi."
"Wa mwaka gani?"
Shangazi akapangusa mdomo wa chupa kwa kidole gumba.
"Mwaka aliofariki Narciso.
Yeye alichuma, mimi nikakamua peke yangu."

Hakuna aliyepiga makofi. Ilikuwa vizuri hivyo.
Meya alitaka kusema neno, shangazi akamtangulia
kwa maneno ya bibi yake, yale ya kusemwa kabla ya kunywa:

*Walipita wakihama, bila meza na sahani,*
*hawakuijua nyama, walilala kichakani,*
*na mbegu wakaitema, ikaota uwanjani;*
*kunyweni wote salama, tumefika, tu nyumbani.*

Mjomba Bartolo, aliyekuwa kajificha nyuma ya pipa la zeituni
kwa kuwa naye hakulipa,
alisema "Kutoka Kuba," lakini kwa sauti ya chini,
akasogeza kikombe chake kiongezwe.

Usiku nilisugua sufuria hadi bendera zikashushwa.
Nikasahau vidole, nikajifuta jicho.
Mtalii mmoja akaniona nalia kando ya bomba,
akaniambia anaelewa, historia ni kitu kizito.
Nikamwitikia kwa kichwa.
Ilikuwa pilipili.
Zaidi ilikuwa pilipili.