Kikombe Hakikutikisika

Jumamosi kwa Kapaya ni shilingi mia tatu.
Benchi ni mbao za kreti za tumbaku,
ukikaa vibaya msumari unakukumbusha.
Tunaingia mimi, Kalunde na Milembe,
khanga moja, mabega sita,
na mvua ya Machi juu ya bati la Urambo.

Mchawi wetu ana miaka kumi na sita.
Ana nywele za rangi ya asali,
ana chumba cha peke yake, mlango wenye kitasa
(hicho nacho ni uchawi, alisema Milembe,
anayelala na wadogo zake wanne).
Anakasirika, balbu inapasuka.
Anakasirika, mwalimu mkuu anasahau alichokuja kusema.
Mvulana aliyemzushia maneno
anafungua mdomo, wanatoka kumbikumbi.

Mvua ikizidi hatumsikii mtafsiri,
basi maneno ya uganga tunamtungia sisi,
kila mmoja la kwake, kimoyomoyo.
La Kalunde nalijua: lina ng'ombe kumi na wawili ndani yake
na mwanaume wa Kaliua anayewaswaga.

Watu wazima hudhani tunapenda kupaa.
Tupae twende wapi?
Ufagio kwetu ni kazi ya saa kumi na mbili asubuhi.
Tunachopenda ni kile kikombe mezani
kinachotikisika kabla binti hajasema neno.
Mimi nilikasirika kidato cha pili kizima,
tangu baba aliposema nauli na sare za mmoja zinatosha,
na huyo mmoja ni Mihambo.
Nilikikazia macho kikombe cha chai.
Chai ilipoa.
Kikombe hakikutikisika.

Picha inaisha, jenereta linakohoa, tunarudi,
na njia inapita kwa Bibi Nyanzala.
Hapo makofi yanatukauka mikononi.
Mvulana wa mbele anasema "macho!", anatimua mbio,
tunatimua wote,
hata mimi, viatu mkononi, matope mpaka magotini,
mimi niliyetoka kumshangilia mchawi kwa fedha yangu.

Macho yake ni mekundu, kweli.
Yamekuwa mekundu tangu alipoanza kuchochea mabani ya watu,
usiku saba kwa kila bani, asisinzie,
moto usizidi, moto usipungue,
jani liive rangi ya dhahabu, waliuze wengine.
Mwaka juzi jina lake lilipita kwenye karatasi,
nyumba hadi nyumba.
Kwetu ililala usiku mmoja.

Juzi nilirudi kwake. Sijui kwa nini,
labda aibu nayo ina miguu.
Nikasogeza gogo, nikakaa upande wa moshi,
nikamsimulia yote: balbu, kumbikumbi, zile nywele.
Alisikiliza huku kiganja chake kikipima joto la ukuta.
Kuhusu nywele hakuuliza, wala kuhusu balbu.
Aliuliza, "Huyo binti, ana wenzake?"
Wawili, nikasema. Mambo yakiwa mabaya hushikana mikono.
"Aa," akasema, akasukuma kuni ndani.
"Basi ndiyo maana yu hai."

Nikatoka alfajiri, macho yamewiva.
Njiani mtoto mmoja mwenye dumu la maji
akanitazama, akashuka kwenye majani, akanipisha.
Nilitaka kumwambia: ni moshi tu, we mtoto.
Sikumwambia.
Nilipita katikati ya njia,
Mungu anisamehe,
taratibu,
kama mtu anayekwenda kwenye chumba chake, chenye kitasa.