Nusu Inchi

Waliochimba mtaro walikuja na mabomba ya buluu,
wakalaza, wakafukia, wakatusainisha karatasi.
Huo ulikuwa mwaka juzi. Hapa Ntyuka
maji bado yanakuja kwa punda wa Chilongani,
dumu mia tano, na vumbi la safari juu yake.

Kipande kimoja kilibaki: nusu inchi,
urefu wa mkono wangu, kiganja hadi kiwiko.
Ndahani akakiokota.

La kwanza lilikuwa aibu.
Bua la mtama limevishwa kitambaa,
mdomo wa mbele umezibwa kwa kipande cha sabuni.
Alisukuma, maji yakamrudia kwapani,
na jogoo aliyelengwa hakugeuza hata shingo.

La pili likala kandambili yangu.
Ya kushoto. Sikumpiga; alikuwa ameikata vizuri,
duara kamili kama kifungo cha koti,
nami ni fundi cherehani, naheshimu duara.
"Inabana, mama." Akaisugua kwenye jiwe.
"Sasa inavuja."
Siku nne akaishi hapo,
kati ya kubana na kuvuja.

Usiku wa tano nikaweka kando suruali ya watu,
nikamwambia, lete.
Nikazungusha uzi chini ya raba,
mzunguko juu ya mzunguko, kama najaza bobini,
nikapaka mafuta ya mgando.
Tundu tulilitoboa kwa sindano ya moto
kwenye kifuniko cha dawa ya kikohozi.
"Dogo hivi?"
Dogo hivyo hivyo. Maji machache yaliyobanwa
hukimbia kuliko mengi yaliyoachiwa.

Asubuhi nikampimia kikombe kimoja,
maji ya kusuuzia vyombo, si ya dumu.
Akavuta. Likanyonya polepole
kama kichanga kilichoshiba nusu.
Akalenga jogoo.

Uzi mweupe ukaruka jogoo,
ukaruka kamba ya nguo, ukaruka ua wa minyaa,
ukamkuta Chilongani akifunga madumu yake,
ukamwingia sikioni.

Nikashika mdomo. Ndahani akajificha nyuma ya kanga zangu.
Yule bwana akajipangusa taratibu,
akatazama mbingu, haina wingu,
akatazama kule mtaro ulikofukiwa.

"Mama Ndahani! Bomba limeanza kutoa?"

"Limeanza," nikamjibu.
"Kikombe kimoja."