Geji

Dukani Kakamega, mkabala na stendi,
kijana ametundika vipande vya mabati ukutani
kama sare za shule zilizofuliwa Jumamosi:
nyekundu ya tofali, kijani cha chai, buluu, kijivu.
"Geji thelathini na mbili, bei ya chini.
Thelathini, wastani. Ishirini na nane, hii ni ya wajukuu."
Nikamwambia, hesabu yenu inakwenda kinyume:
namba ikipanda, bati linakonda.
Akacheka. "Kama mshahara wako, mwalimu,
makato yakinenepa."

Mama yangu Khasoa hakuja kutazama rangi.
Macho yake yamebakiza mwanga na kivuli tu.
Alikuja na kucha.
Akagonga la thelathini na mbili: ta.
"Hili ni kopo la maziwa," akasema.
Akagonga la ishirini na nane: tonggg,
akatega sikio, akangoja mpaka sauti iishe yenyewe.

Paa la sasa marehemu baba alilinunua kwa miwa,
mwaka ambao malipo yalikuja kwa wakati.
Mwaka mmoja tu huo.
Mvua ya mawe imelitwanga
hata likawa na makovu ya ndui.
Matundu ya misumari tumeyaziba kwa lami,
kwa sabuni, kwa ubani wa kutafuna,
na bado saa sita mchana
senti za jua huanguka sakafuni.
Nilipokuwa mdogo nilizikinga kiganjani,
nikafumba, nikafumbua,
nikajikuta nimefilisika.

Kijana akaleta la mwisho,
bati lililovishwa changarawe, sura ya vigae.
"Hili, mama, hata mvua ifoke vipi,
ndani mtazungumza kwa kunong'ona."
Mama akaondoa mkono kama aliyeungua.
"Sasa mvua itanibishiaje hodi?
Nitajuaje saa ya kuanua mahindi?
Mimi, mwanangu, wingu silioni.
Niuzie paa linalosema."

Tukachukua ishirini na nane, tupu, bila rangi,
na misumari yenye kofia za mpira.
Fundi Luvembe akaandika kiganjani kwa kalamu:
mbao za kenchi, mfereji, waya wa radi,
maana huku kwetu radi
ndiyo isiyobisha hodi.
Nikalipa nusu kwa pesa za chama, nusu kwa aibu;
deni nitalimaliza Agosti, Mungu akipenda.

Siku ya tatu tangu fundi ashuke ngazi,
alasiri, mbingu ya Shinyalu ikakunja uso.
Tone la kwanza: tonggg.
Mama kitini akainua kidole
kama mwanafunzi anayejua jibu.
Kisha yote yakamwagika kwa pamoja,
nikaona midomo yake ikienda
na sikusikia hata neno.
Nikasogeza sikio karibu na shavu lake.
Alikuwa akimsimulia baba bei,
na jinsi alivyombana yule kijana
mpaka akatoa mia mbili.